Paka Naye Huugua Kisukari
Hapa Kisaju, Kajiado, kando ya barabara ya Namanga, paka hufugwa ili amalize panya, na akianza kunywa maji kupita kiasi, kukojoa mara kwa mara na kukonda ilhali anakula, wengi husema ni uzee tu. Huenda ni kisukari, nacho kina matibabu. Daktari wa mifugo akithibitisha kwa kupima damu na mkojo, kazi kubwa huhamia nyumbani: insulini chini ya ngozi, kwa kawaida kila baada ya saa 12, pamoja na chakula. Kwa ushauri wa daktari, mpe nyama au samaki na umwondolee ugali, maana mwili wa paka umeumbwa kwa nyama, si kwa wanga. Akikataa kula, usimdunge kwa mazoea. Mpigie daktari kwanza. Kagua sindano pia: insulini ya binadamu mara nyingi huwa na yuniti 100 kwa mililita, ya wanyama 40, na kuchanganya sindano zake kunaweza kuua. Akilegea na kuyumba, huenda sukari imeshuka: mpake asali kwenye fizi, kisha mkimbize kwa daktari. Dawa ikae kwenye friji bila kuganda. Paka wengine wakitunzwa mapema hufika hatua ya kuacha sindano kabisa. Mfugaji wa Kajiado anamjua kila ng'ombe wake kwa rangi na mwendo. Jicho hilohilo lamtosha paka aliyelala jikoni, naye anastahili kutazamwa.