Pikipiki kubwa ya kwanza Dar: Uzito na breki kabla ya cc

Na Mwandishi Wetu

KWA mkazi wa Kimara, Mbezi au Kibamba anayefanya kazi katikati ya Jiji la Dar es Salaam, hesabu ya asubuhi si ya kilomita bali ya saa. Kutoka Kimara hadi Kivukoni ni takriban kilomita 21, umbali ambao siku ya foleni kubwa humfanya mwenye gari aondoke nyumbani kukiwa giza ili afike kazini kwa wakati. Mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza safari zake katika njia hiyo mwaka 2016, yamepunguza adha hiyo kwa baadhi ya watu, ingawa msongamano ndani ya mabasi yenyewe umekuwa kilio cha muda mrefu.

Katika mazingira hayo, si jambo la kushangaza kuona pikipiki zenye namba za njano, yaani za watu binafsi, zikipita katikati ya magari Ubungo na Magomeni, zikiendeshwa na maofisa wa benki, wauguzi, walimu na wafanyabiashara. Wengi wao huanza na pikipiki ndogo za cc 125 au 150, zile zile zinazotumiwa na bodaboda. Baada ya mwaka mmoja au miwili huja hamu ya kupanda ngazi, na hapo ndipo mamilioni ya shilingi, na pengine maisha, huwekwa rehani kwa kuangalia namba moja tu iliyoandikwa ubavuni mwa pikipiki.

Sheria haimsaidii sana mnunuzi wa aina hiyo. Kwa mujibu wa madaraja ya leseni za udereva nchini, leseni daraja A1 ni ya pikipiki zisizo na kigari cha pembeni ambazo injini yake ni chini ya cc 125, na daraja A ni kwa zile zinazozidi kiwango hicho. Maana yake ni kwamba dereva aliyejifunzia na kufanyiwa majaribio kwa Boxer ya cc 150 tayari yuko katika daraja la juu kabisa. Kesho yake anaweza kununua pikipiki ya cc 650 na kuingia nayo Barabara ya Morogoro bila kuvunja kifungu chochote.

Nchi za Umoja wa Ulaya ziliziba pengo kama hilo kwa kuweka ngazi ya kati. Tangu Januari 2013, leseni ya A2 katika nchi hizo humruhusu dereva kuanzia miaka 18 kuendesha pikipiki isiyozidi kilowati 35 za nguvu, na huhitaji miaka miwili ya uzoefu kabla ya kupanda zaidi, isipokuwa kwa watu wazima wanaoingia moja kwa moja. Baadhi ya pikipiki zinazosifika hata hapa, mfano Honda CB500X iliyotoka mwaka 2013 ikiwa na injini ya cc 471, zilitengenezwa zikilenga kiwango hicho hicho. Dar es Salaam ngazi hiyo haipo, hivyo mnunuzi analazimika kuwa mtahini wa nafsi yake.

Mtihani wenyewe ni siku mbaya kuliko zote katika mwaka. Pikipiki yoyote huonekana nzuri asubuhi ya Julai, barabara ikiwa kavu na upepo wa kusi ukivuma. Anayekusudia kwenda nayo kazini mwaka mzima anapaswa kuifikiria saa kumi na mbili jioni mwezi Aprili, mvua za masika zikinyesha, mitaro imefurika, na bonde la Jangwani likiwa katika hali ambayo wakazi wa jiji hili wanaifahamu. Katika saa hiyo hakuna anayehitaji kasi ya kilomita 160. Kinachohitajika ni kusimama bila kuanguka, kugeuza njia, na pengine kuisukuma pikipiki kwa miguu hadi mahali palipoinuka.

Hapo ndipo uzito unapojionyesha. Pikipiki ya kawaida ya bodaboda ina uzito unaokaribia kilo 120, na Honda CRF250L yenye injini ya cc 249 ina takriban kilo 145. Bajaj Dominar 400, ambayo kwa hakika injini yake ni cc 373, inazidi kilo 180, ilhali CB500X na Royal Enfield Himalayan ya cc 411 zote zinakaribia kilo 200. Anayetoka kwenye Boxer kwenda moja ya hizo mbili za mwisho anaongezewa uzito wa mtu mzima aliyeshiba, tena uzito usiojishika wenyewe pikipiki inapoinama kwenye tope.

Hata hivyo, uzito peke yake haumalizi hoja, kwani urefu wa kiti nao una neno. CRF250L ni nyepesi lakini kiti chake kipo zaidi ya sentimeta 87 kutoka ardhini. Mtu wa kimo cha wastani hugusa chini kwa ncha za vidole. Himalayan ya cc 411 ni nzito, lakini kiti chake kiko sentimeta 80, na nyayo zote mbili hukaa ardhini. Katika foleni ya Ubungo, ambako dereva husimama na kuondoka mara nyingi huku daladala zikichomekea kutoka kila upande, mguu unaofika chini una thamani kuliko nguvu ya injini. Duka lisilomruhusu mnunuzi kukaa juu ya pikipiki, kuitoa kwenye stendi na kuisukuma kinyumenyume, ni la kuondoka.

Baada ya uzito huja breki, na hapa hesabu ya fizikia ya shule ya sekondari inatosha. Dereva anayekwenda kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo kasi ya juu inayoruhusiwa kisheria katika maeneo ya makazi, akichukua sekunde moja kutambua hatari na kisha kufunga breki kwenye lami iliyolowa, atahitaji takriban mita 33 ili asimame. Akiwa katika kilomita 80 kwa saa, hali nyingine zote zikiwa zile zile, atahitaji zaidi ya mita 70. Pikipiki kubwa hufika kilomita 80 bila dereva kusikia injini ikilalamika, tofauti na ndogo inayopiga kelele za kumwonya.

Umuhimu wa mfumo unaozuia magurudumu kujifunga, unaojulikana kwa kifupi kama ABS, unatokana na hali hiyo. Taasisi ya bima za magari ya Marekani inayoshughulikia usalama barabarani, IIHS, ilieleza mwaka 2021 kuwa pikipiki zenye mfumo huo zilikuwa na kiwango cha ajali za vifo cha chini kwa asilimia 22 zikilinganishwa na zile zile zisizo nao. India, zinakotoka pikipiki nyingi zinazouzwa Kariakoo, ililazimisha ABS kwa pikipiki zote mpya zinazozidi cc 125 kuanzia Aprili 2019. Sheria hiyo inahusu zinazouzwa India. Haimfuati mnunuzi wa Tanzania, na pikipiki yenye jina lile lile inaweza kufika hapa bila mfumo huo.

Njia ya kuhakiki si ngumu. Swichi ikiwashwa, taa yenye herufi ABS huwaka kwenye dashibodi, na karibu na diski ya breki huonekana bangili ya chuma yenye matundu madogo mengi. Bangili ikiwa kwenye gurudumu la mbele pekee, basi la nyuma halilindwi. Muuzaji anayesema "hii haina lakini breki zake ni kali" amekwishajibu swali. Breki kali isiyo na ABS juu ya mstari mweupe uliolowa, au juu ya dizeli iliyomwagika karibu na kituo cha malori, ndiyo hasa inayoangusha.

Kuhusu mafuta, hofu ya wengi ni kubwa kuliko tofauti yenyewe. Mtu wa Kimara anayekwenda Posta na kurudi siku 22 kwa mwezi hutembea kama kilomita 900. Pikipiki ndogo inayokwenda kilomita 50 kwa lita itatumia lita 18, na kubwa inayokwenda kilomita 28 itatumia lita 32. Nyongeza ya lita 14 kwa bei kikomo inayotangazwa na EWURA kila mwezi ni fedha, lakini si fedha ya kumrudisha mtu kwenye daladala.

Kinachoumiza ni spea. Cheni, kebo ya klachi na tairi la inchi 3.00 kwa 17 la Boxer hupatikana karibu kila mtaa wenye fundi, kuanzia Mbagala hadi Bunju. Dominar inavaa tairi la nyuma la 150/60, na pancha yake si ya kila kijana mwenye pampu. Injini zinazopoozwa kwa maji huongeza rejeta, feni na mipira yake, vitu ambavyo joto la foleni ya Februari huvijaribu kila siku. Mfumo wa kisasa wa kupuliza mafuta kwa umeme, uliochukua nafasi ya kabureta, hauna matatizo mengi, ila ukigoma, fundi wa chini ya mwembe hana kifaa cha kuusoma. Kabla ya kulipa, mnunuzi angefanya vyema kutembea Kariakoo na orodha fupi ya vitu vinne: pedi za breki, cheni na sproketi zake, tairi la nyuma, na kebo au mkono wa klachi. Akiambiwa vyote ni vya kuagiza, ajue siku moja pikipiki itakaa nyumbani wiki kadhaa ikisubiri pedi.

Wapo wanaosema kwamba kwa hali hiyo hakuna sababu ya kuacha pikipiki ndogo. Hoja hiyo ina nguvu kwa anayekaa Sinza na kufanya kazi Kariakoo. Kwa anayetoka Kibamba au Kibaha ni jambo jingine. Barabara iliyopanuliwa kuwa njia nane kati ya Kimara na Kibaha imeongeza kasi ya magari, na pikipiki ya cc 125 iliyobeba watu wawili, ikiwa katika kilomita 80 kwa saa, haina akiba yoyote ya nguvu ya kulikwepa lori linaloikaribia kwa nyuma. Kwa safari hiyo injini ya cc 400 hadi 500 si anasa, hasa ikiwa na taa nzuri kwa wanaorudi usiku. Kwa waliobaki, ambao ndio wengi, cc 200 hadi 250 zenye ABS na uzito usiozidi kilo 160 ndizo zinazoonekana kuwa ngazi ya kwanza inayofaa.

Bajeti nayo isiishie kwenye bei ya duka na ada za usajili. Bima kubwa, badala ya ile ndogo ya kulinda wengine tu, ina maana kwa chombo cha thamani hiyo. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2008 yalionyesha kuwa kofia ngumu hupunguza uwezekano wa kifo kwa takriban asilimia 42 na wa majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, imekuwa ikipokea majeruhi wa pikipiki kwa miaka mingi. Hata hivyo, bado si ajabu kumwona mtu akiwa juu ya pikipiki mpya ya cc 400, kichwani amevaa kofia ya plastiki isiyo na ukanda, na miguuni kandambili.