Jumuiya yenye saa tatu ijifunze kwa televisheni za Marekani

Saa mbili usiku Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Mogadishu ni saa moja Kigali, Bujumbura, Juba na Goma, na Kinshasa ni saa kumi na mbili jioni. Yeyote anayefikiria matangazo ya pamoja ya Kiswahili katika Jumuiya ya Afrika Mashariki hana budi kujibu maswali mawili. Yataonyeshwa saa ngapi, na nani ataamua? Marekani imekabiliana na maswali hayo kwa zaidi ya miaka 70, pengine kwa mafanikio, pengine kwa hasara.

Wengi hudhani NBC, CBS, ABC na Fox ni vituo vinavyorusha matangazo nchi nzima kutoka New York. Sivyo. Tume ya Mawasiliano ya huko, FCC, hutoa leseni kwa kituo kimoja kimoja, kila kimoja mahali pake. Mashirika hayo makubwa humiliki vituo vichache, hasa katika miji mikubwa. Vilivyobaki ni vya wamiliki wengine, walioingia mkataba wa kuonyesha vipindi vya shirika kwa saa maalumu, huku saa nyingine wakizitumia kwa habari za mji wao. Kanuni zilizowekwa mwaka 1941, na kuthibitishwa na Mahakama ya Juu mwaka 1943, zinakipa kituo haki ya kukataa kipindi kisichofaa, au kukiweka kando kunapokuwa na jambo zito zaidi kwa watazamaji wake.

Suala la saa lilitatuliwa hatua kwa hatua. Vipindi vikuu vya jioni huanza saa mbili usiku New York, na wakati huohuo Chicago huvipata ikiwa saa moja. Los Angeles hungoja saa tatu zaidi, ili nayo ianze saa mbili kwa saa yake. Kabla ya mkanda wa video kuanza kutumika mwaka 1956, kucheleweshwa huko kulitegemea filamu iliyopigwa kutoka kwenye kioo cha televisheni, nayo picha yake ilikuwa hafifu.

Uhafifu huo ndio uliozaa biashara kubwa. Mwaka 1951 Lucille Ball na Desi Arnaz walitaka kutengeneza "I Love Lucy" huko Hollywood, lakini watazamaji wengi walikuwa mashariki. Wakaamua kutumia filamu halisi ya sinema, na kampuni yao, Desilu, ikabaki na umiliki wa filamu hizo. Vipindi vyao vikawa mali inayoweza kurudiwa na kuuzwa tena. Biashara ya namna hiyo ya kuuza kipindi kituo kwa kituo, bila kupitia shirika kubwa, ndiyo iliyomfikisha Oprah Winfrey nchi nzima kutoka Chicago, tangu mwaka 1986 hadi 2011. Kila kituo kilichonunua kilijichagulia saa ya kukionyesha.

Lakini pale saa ya mtazamaji iliposahaulika, madhara hayakuishia kwenye burudani. Katika uchaguzi wa mwaka 1980, NBC ilimtangaza Ronald Reagan mshindi saa mbili na robo usiku kwa saa za New York. California ilikuwa saa kumi na moja na robo jioni, na vituo vya kura vilikuwa bado wazi. Jimmy Carter naye alikubali kushindwa kabla havijafungwa. Mwaka 1985 mashirika hayo yaliahidi Bunge kwamba hayatatabiri mshindi wa jimbo kabla ya kura za jimbo hilo kufungwa. Hata hivyo, mwaka 2000 yalimpa Al Gore ushindi wa Florida kama dakika kumi kabla ya vituo vya magharibi mwa jimbo hilo, vinavyofuata saa nyingine, kufungwa. Baadaye yaliufuta utabiri huo, na jimbo likaamuliwa kwa kura 537. Ubishi kuhusu waliokata tamaa wakarudi nyumbani haujaisha.

Afrika Mashariki haihitaji kuiga televisheni za Marekani, zenye matangazo ya biashara mengi kupita kiasi. Inahitaji kuchukua yaliyo ya busara. Kituo kimoja chenye makao katika mji mkuu mmoja, kikiamuru wengine wote, kitaonekana ni cha wageni kila mahali pengine. Vituo vilivyopo Mwanza, Bukavu, Kigali na Mombasa vibaki na leseni zao, habari zao na haki ya kukataa, kisha vibadilishane na kuuziana vipindi vya Kiswahili, kila kimoja kikipanga saa inayowafaa watu wake. Watengenezaji nao wabaki na haki ya kumiliki kazi zao, kwani ndiyo iliyowatajirisha Ball na Arnaz.

Kuhusu uchaguzi, somo ni la haraka zaidi. Kongo hupiga kura katika kanda mbili za saa. Chombo cha habari kitakachotangaza mshindi kutoka Lubumbashi wakati Kinshasa bado iko foleni kitakuwa kimempokonya raia sauti yake. Wasimamizi wa utangazaji wa nchi wanachama waafikiane juu ya hilo mapema, kabla ya kura, wala si baada ya ugomvi.