Bwawa Lako, Mafuriko Yetu

Kisumu ina ziwa zima, lakini wenye nafasi wanataka maji yao wenyewe. Huko juu Riat na Kajulu, greda likishasukuma udongo kuziba kijito, tuta limesimama. Kisha vinafuata vibanda vya nyasi, mtumbwi wa kupigia picha na ngege wa kuvuliwa Jumapili. Ukiuliza, unajibiwa: hii ni shamba yangu, bana.

Shamba ni lake, sibishi. Maji si yake. Sheria ya Maji ya 2016 imeyaweka mikononi mwa serikali ya kitaifa kwa niaba yetu sote, na anayeziba mkondo anahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Lakini umiliki wa wenzetu hawa una ujanja: tuta likisimama, bwawa lina mwenyewe; likipasuka, ni kazi ya Mungu.

Ati ni kadogo. Haya, tupige hesabu. Bwawa la mita 50 kwa 40, kina mita 3, linabeba tani 6,000 za maji. Hizo ni lori 600 za tani kumi, zimeegeshwa mlimani juu ya nyumba za watu, na breki yake ni udongo.

Na udongo una adui wake. Maji yakipita juu ya tuta yanalimega mpaka likatike. Ndiyo maana lazima pawe na njia pana ya kutolea maji ya ziada, isiyozibwa na chochote. Sasa mwenye bwawa la starehe anafanya nini? Anaweka wavu wa waya hapo hapo, samaki wasitoroke! Mvua ya Aprili inashusha majani na matawi, waya unaziba, maji yanapanda tutani. Tena anapanda miti ya kivuli juu ya tuta. Mti ukifa, mizizi inaoza na kuacha vishimo, na maji hayahitaji kualikwa.

Mnakumbuka Solai, Nakuru? Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la shamba la mtu binafsi lilipasuka na kuua watu wasiopungua 47, wakiwemo watoto. Waliolala chini hawakuwa na hisa katika bwawa lile. Walikuwa na hisa katika tope lake tu.

Waingereza walilijibu swali hili 1868, katika kesi ya Rylands na Fletcher. Maji ya bwawa la mwenye kinu yalipenya yakajaza mgodi wa jirani. Yeye mwenyewe hakupatikana na uzembe, na bado alilipa. Ukikusanya kwako kitu kinachoweza kudhuru kikitoroka, madhara ni yako. Kanuni hiyo tumeirithi Kenya. Tunaikumbuka baada ya mazishi.

Mimi nataka tuikumbuke kabla. Kibali kibandikwe langoni, pamoja na jina la mhandisi aliyekagua tuta. Ukaguzi ufanywe kila mwaka kabla ya masika, na wanaoishi chini waonyeshwe ripoti. Wavu utolewe leo. Na bima ya majirani ilipwe kabla ya tiketi ya kwanza kuuzwa.

Ni ghali? Basi fungulia maji polepole wakati wa kiangazi, ubomoe tuta, ushuke Dunga ule samaki na sisi wengine.