Maulizo ya Jamaa: Shokola yenye kuandikwa «Congo»



Mwezi huu tunajibu barua ya mama mmoja wa Kikula. Anaandika hivi:

«Kaka yangu alitoka Beni, akatuletea shokola. Kwenye karatasi yake wameandika kwamba inatengenezwa kwetu Congo. Batoto wakaanza kucheka: "Mjomba, unatudanganya, shokola njo ya Ubelgiji!" Lakini mtoto wangu wa kwanza, iko na miaka 17, hakucheka. Akaniambia: "Mama, ona: kule banauzisha kakao, huku tunauzisha mawe. Masomo italeta nini? Minaacha, minaenda kuchimba na benzangu." Tangu siku ile hatusikilizani tena nyumbani. Mtusaidie. Ile shokola ni ya kwetu kweli? Na mimi nimjibu mtoto nini?»

Asante, mama. Maulizo yako ni mawili. Tuanze na la kwanza, maana jibu la pili limejificha ndani yake.

NDIYO, NI YA KWETU

Mjomba hakudanganya. Kule Mutwanga, katika teritware ya Beni, Kivu ya Kaskazini, chini ya milima ya Ruwenzori, kuna kiwanda kidogo cha shokola. Kilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 2020. Kilianzishwa na Parke ya Virunga, na fundi mmoja wa shokola wa mji wa Bruges, Dominique Persoone, akasaidia kufundisha kazi. Umeme wake unatoka kwa maji yanayoshuka mlimani, sawa vile sisi tunavyojua umeme wa Mwadingusha. Pale Mutwanga umeme wa maji ulianza mwaka 2013. Bila umeme ule, hakuna mashine ya kusaga na hakuna nyumba ya baridi ya kuwekea shokola.

Zaidi ya kiwanda kile, kuna wanunuzi wa Ulaya wanaotafuta kakao ya upande ule kwa jina lake. Kampuni Original Beans, kwa mfano, inauza shokola yenye kuitwa Cru Virunga. Watu wanailipia bei ya juu.

Mtatuuliza: kwa nini sisi hatupandi kakao huku Likasi? Ni juu ya hali ya hewa. Muti wa kakao unataka joto na mvua karibu mwaka mzima. Sisi, tangu mwezi wa tano mpaka wa tisa, hakuna mvua, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba mnaujua wenyewe: hata mbabula haitoshi. Kakao ingekufa.

Hata Beni kakao ni mgeni. Muti huu ulitoka Amerika ya Kusini. Wareno waliuleta katika visiwa vya São Tomé na Príncipe katika karne ya 19, na kutoka huko ukaenea Afrika. Watu wa Beni waliishi zaidi kwa kahawa. Halafu, katika miaka ya 1990, ugonjwa ukaanza kukausha mikahawa mashambani. Wengi waling'oa, wakapanda kakao. Walipoteza kitu, wakajifunza kingine.

KAZI YENYEWE NI HII

Vijana, someni pole pole. Hapa ndipo pana siri.

1. Tunda la kakao linakatwa likiwa limeiva. Ndani yake kuna mbegu kama 30 mpaka 40, zimefunikwa na nyama nyeupe, tamu. Kilo moja ya kakao kavu inahitaji matunda kama 20 mpaka 25.

2. Mbegu zinawekwa ndani ya sanduku la mbao, zinafunikwa na majani ya ndizi, siku 5 mpaka 7. Zinachacha. Joto linapanda karibu na digri 50, bila moto. Ni lazima kuzigeuza, ili zote zichache sawasawa. Ladha ya shokola inazaliwa hapa. Mbegu isiyochachishwa, hata ukiikaanga namna gani, haitatoa ile harufu.

3. Zinaanikwa juani, kama juma moja, mpaka maji yaliyobaki yawe kama 7 kwa mia. Zikibaki na maji mengi, zinaota ukungu ndani ya gunia.

4. Zinakaangwa kama karanga, digri 120 mpaka 140. Kisha maganda yanapepetwa.

5. Zinasagwa. Karibu nusu ya mbegu ni mafuta, kwa hiyo haitoki unga, inatoka uji mweusi. Inatiwa sukari, inasagwa tena na kukorogwa masaa mengi, wakati mwingine siku mbili au tatu, mpaka ulimi usisikie mchanga. Mashine ya kukoroga hivyo ilivumbuliwa na Rodolphe Lindt, Uswisi, mwaka 1879.

6. Mwisho, uji unapashwa moto mpaka digri 45 au zaidi, unapozwa mpaka 27 hivi, unapashwa tena kidogo mpaka 31. Ukikosea hapo, shokola inakuwa laini na kutoka madoa meupe. Ukifanya vizuri inang'aa, na ukiivunja inalia «ka!». Mama, kama kimebaki kipande nyumbani, vunjeni mkasikilize.

KWA NINI IKO BEI?

Ziko mbegu za kakao ambazo ni chache duniani kwa sababu ya ukoo wao. Kwa mfano, ile yenye kuitwa Criollo ina ladha nzuri, lakini magonjwa yanaishinda upesi na haizai sana. Ndiyo maana wakulima wengi wanapanda nyingine yenye nguvu.

Lakini sehemu kubwa ya bei inatoka kwa mikono iliyofanya kazi. Shokola ya kawaida inachanganya mbegu za nchi nyingi. Shokola ya bei inatunza mbegu za mahali pamoja, zilizochachishwa vizuri, mbali na nyingine. Watu wa Likasi, ninyi mnajua neno «tenere». Gunia mbili za mawe zinaweza kulingana kwa macho, lakini mapimo yanasema tofauti. Kakao ni vile vile. Na kama mkulima wa Beni ameharibu ule mchacho, hata fundi mkubwa wa Bruges hawezi kuutengeneza tena.

Sasa angalieni jambo hili. Ubelgiji hakuna shamba hata moja la kakao. Ni baridi. Lakini dunia nzima inaijua kwa shokola. Mwaka 1912, pale Bruxelles, Jean Neuhaus alitengeneza praline, ile shokola ndogo yenye kitu laini ndani. Nchi isiyo na muti imejijengea jina kwa kujua kazi. Na sisi tuliokuwa na miti, kakao yetu nyingi ingali inatoka ndani ya gunia, bila kukaangwa wala kusagwa, na nyingine inavuka mpaka kwa siri.

TUSIFICHE UBAYA

Tukiishia hapo tungekuwa tunawadanganya. Kujua kazi peke yake hakutoshi. Tangu mwaka 2014 watu wa Beni wanauawa na kundi lenye silaha, ADF. Wakulima wengi wameuawa katika mashamba yao, wengine wamekimbia, na waliobaki hawajui nani atavuna walichopanda. Mwezi wa 12 mwaka 2024 bei ya kakao duniani ilipita dola 12.000 kwa toni moja. Mtu angesema: baraka! Lakini kule penye vita, bei ikipanda, mwizi naye anaisikia. Na mwaka 2025 bei ilishuka tena sana.

Basi ile shokola ndogo ya mjomba imebeba mambo mengi: kazi ya mkulima, umeme wa maji, ufundi, na hofu ya mtu anayekwenda shambani asubuhi bila kujua kama atarudi.

MAMA, MTOTO UMJIBU HIVI

Kwanza, usimwambie kwamba amekosea. Ameona vizuri: kule kakao, huku mawe, na vyote viwili vinatoka bila kutengenezwa mpaka mwisho. Wakubwa wengi hawakuona hilo. Mtoto mwenye kuona hivyo ana akili.

Lakini muulize: «Mwanangu, katika safari yote ya kakao, unataka kusimama wapi?» Mwenye kukata tunda tu analipwa kwa kilo, na mzani ameushika mwingine. Mchimbaji wa mikono ni vile vile: anashuka chini, anapanda na gunia, halafu mwingine anamwambia tenere ni ngapi. Hana njia ya kubisha, maana hajui kupima. Na shimo likianguka, mwenye mzani hayumo ndani.

Katika zile hatua sita, hesabu ziko karibu kila mahali: siku, digri, maji kwa mia. Hayo ndiyo masomo. Kemia anayoifanya shuleni ni ndugu ya ule mchacho, na ni ndugu ya kazi ya Shituru. Umeme na mekanike ni vile vile.

Pili, mama, usimpake mafuta machoni. Anajua vijana wenye diploma wanaokaa lupangoni bila kazi. Ukimwambia «soma tu, utakuwa tajiri», hatakusikia tena. Mwambie: masomo si feza, lakini ni mzani wako mwenyewe. Na kama shida ni minerval, mwambieni wazi, baba na mama pamoja, mkae na karatasi, mhesabu kilichoko na kisichoko. Vijana wengi wanakwenda kuchimba kwa kuona haya kuomba nyumbani.

Tatu, mpeni kazi ndogo ya kujaribu. Huku hatuna kakao, lakini tuna karanga, tuna asali ya pori, tuna maembe yanayooza barabarani kila mwaka. Achukue kilo mbili za karanga. Moja aiuze hivi hivi. Nyingine aikaange vizuri, aisage, aitie ndani ya chupa safi yenye kifuniko. Aandike kila kitu: karanga, makala, chumvi, chupa, masaa yake. Halafu alinganishe. Labda faida itakuwa ndogo, labda atapoteza mara ya kwanza. Hata akipoteza, atajua kwa nini.

MZUNGUMZE NYUMBANI

Jioni, kisha bukari, jamaa nzima ijiulize:
– Ni kitu gani tunakiuza kingali kibichi, na tunakinunua tena kikiwa kimetengenezwa?
– Nani katika nyumba yetu anajua kazi ya mikono ambayo bado hajaifundisha watoto?
– Kijana wetu, shida yake tunaijua, au tunakisia tu?

Mama wa Kikula, ile karatasi ya shokola usiitupe. Mpe mtoto aibandike kwenye kaye yake ya kemia. Na utuandikie tena, utuambie karanga zimetoka namna gani.