Namna ya kiharusi haitambuliwi kwa macho



Majuma mawili yaliyopita, tukiwa kwenye likelemba, mwenzetu mmoja aliangusha kikombe cha chai. Mdomo ukapinda upande, maneno yakatoka yamevurugika. Mmoja wetu akakimbilia aspirini, mwingine akasema amerogwa. Kabla hatujaamua, mdomo ukanyooka, mama akaongea vizuri. Tukamshukuru Mungu, tukaendelea kuhesabu franga. Siku tatu baadaye alianguka jikoni. Leo mkono wake wa kuume haunyanyuki.

Munganga alitueleza kwamba kiharusi, ambacho hospitalini wanakiita AVC, ni cha namna mbili. Ya kwanza, inayopata watu wengi zaidi, damu iliyoganda inaziba mshipa wa ubongo. Ya pili, mshipa unapasuka na damu inamwagika ndani ya kichwa. Kile tulichokiona kwenye likelemba kilikuwa kizibo cha muda mfupi. Dalili zake zinaisha zenyewe, lakini ni onyo: kiharusi kikubwa kinaweza kufuata siku chache tu baadaye. Siku ile ile ndiyo tulipaswa kumpeleka.

Kwa nje, namna hizo mbili zinafanana. Kichwa kuuma sana kwa ghafla pamoja na kutapika hutokea zaidi mshipa ukipasuka, lakini skaneri ndiyo inayozitenganisha kwa hakika. Ndiyo sababu aspirini ya nyumbani ni hatari: inaweza kumsaidia aliyezibwa mshipa, lakini kwa aliyepasukwa inaweza kuzidisha damu inayomwagika.

Basi tushike hivi. Mwambie acheke: mdomo umepinda? Anyanyue mikono yote miwili: mmoja unashuka? Ataje majina ya watoto wake: maneno yanavurugika? Tukiona hata dalili moja, twende hospitali saa ile ile, hata kama imepita. Tusimpe dawa, chakula wala maji, maana anaweza kupaliwa. Tuandike saa dalili zilipoanza, kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu.

Tena tusingoje kuanguka. Tansio ya juu ni chanzo kikubwa cha namna zote mbili, na mara nyingi haiumi. Mkutano ujao, munganga wa kituo cha afya atakuja na mashine ya kupima. Tutapimwa sote kwanza, ndipo tuhesabu franga. Mwenzetu naye atakuja.