Pumzi Haichukui Nafasi ya Dawa

Mimi sipingi kutafakari kwa pumzi. Kila alfajiri, kabla ya kufungua daftari, mimi huketi, nikafumba macho, nikaifuata pumzi inavyoingia na kutoka. Moyo hutulia, na sala yangu huwa ya kweli zaidi.

Ninachopinga ni walimu wanaodai kwamba pumzi huponya kila ugonjwa. Mmoja wao alimwambia dada yangu, mgonjwa wa pumu, aache dawa yake ya kuvuta. Siku ya tatu tulimkimbiza hospitali usiku kwa pikipiki. Mwalimu yule alitujibu kwamba dada hakuwa na imani.

Ndugu wasomaji, hayo si mafundisho ya asili. Patanjali, katika Yoga Sutra, alitaja nguzo nane. Pranayama, yaani kuiongoza pumzi, ni ya nne. Ya kwanza ni miiko, na mwiko unaotangulia yote ni kutodhuru. Basi anayemdhuru mgonjwa kwa jina la pumzi ameibomoa nguzo ya kwanza. Hiyo ya nne ataisimamisha juu ya nini?

Pumu ikishika, mirija ya hewa huvimba na kubana. Utulivu hupunguza hofu, lakini haumalizi uvimbe. Kuvuta dawa si kupungukiwa na imani. Ni kuitunza pumzi ambayo Mungu ametupa.

Dada yangu amepona. Siku hizi tunaketi pamoja alfajiri, naye dawa yake i mfukoni.