Kabla ya kununua kamera ya ulinzi, uliza lenzi yake

KAMERA za ulinzi si mali ya benki na hoteli kubwa tena. Leo zinaonekana juu ya milango ya maduka ya dawa, kwenye vibanda vya mawakala wa fedha za simu, maghala ya mazao na hata mabanda ya kuku. Bei yake imeshuka na mwenye mali anaweza kutazama duka lake kwa simu akiwa safarini. Jijini Dar es Salaam, biashara ya saa 24 ilipozinduliwa Kariakoo Februari 2025, suala la taa na kamera lilikuwa sehemu ya mjadala wa usalama wa wafanyabiashara.

Pamoja na maendeleo hayo, lipo tatizo moja ambalo wanunuzi wengi huligundua baada ya kuibiwa. Mwenye duka anafungua picha za usiku ule, anamwona mtu akiingia, akibeba mali na kuondoka. Lakini uso wake ni doa jeupe chini ya kofia. Polisi wakiuliza huyu ni nani, hakuna anayeweza kujibu. Fedha za kamera zimetumika, mali imekwenda, na ushahidi haupo.

Mara nyingi kamera yenyewe si mbovu. Kosa hufanyika siku ya kununua, pale mteja anapotazama bei na idadi ya megapikseli bila kuuliza lenzi ni ya milimita ngapi.

Ukitaka kuona vyote, utakosa sura

Namba ya lenzi ikiwa ndogo, kamera huona eneo pana, lakini kila kitu huonekana kidogo. Namba ikiwa kubwa, huona eneo jembamba, lakini kwa ukaribu. Kamera nyingi za bei nafuu huja na lenzi ya milimita 2.8, ambayo huona upana wa nyuzi 100 hivi. Mteja akionyeshwa dukani kwamba uwanja wake wote utaingia kwenye picha moja, hufurahi na kulipa. Hapo ndipo anapojifunga.

Kiwango cha Ulaya cha EN 62676-4, toleo la mwaka 2015, kiliweka kipimo kinachosaidia kuelewa jambo hili. Ili kujua tu kwamba kuna mtu, zinahitajika pikseli 25 kwa kila mita ya upana wa eneo linaloonekana. Kumtambua mtu unayemfahamu zinahitajika 125. Kuthibitisha sura ya mtu usiyemjua zinahitajika 250.

Tufanye hesabu. Kamera ya megapikseli 2 ina pikseli 1,920 kwa upana. Gawanya kwa 250, unapata mita 7.7. Maana yake ni kwamba eneo likizidi upana huo, sura ya mgeni haithibitiki. Kwa lenzi ya milimita 2.8, upana huo hufikiwa umbali wa mita 4 tu kutoka kwenye kamera. Kwa lenzi ya milimita 6 ni kama mita 8, na kwa ya milimita 12 ni kama mita 17. Basi mwenye geti lililo mita 15 kutoka ukutani, akifunga lenzi ya milimita 2.8, ataona kwamba geti limefunguliwa, lakini hatajua limefunguliwa na nani.

Kuongeza megapikseli husaidia, lakini kwa gharama. Ili umbali wa kutambua sura uongezeke mara mbili, lazima uhame kutoka megapikseli 2 hadi 8, na picha hizo hula nafasi kubwa zaidi ya kuhifadhia. Kuvuta picha kwenye simu baada ya tukio hakusaidii, kwa kuwa hakuongezi kile ambacho kamera haikukiona.

Kamera mbili, kazi mbili

Kwa mwenye mtaji mdogo, njia ya busara ni kugawa kazi. Kamera moja yenye lenzi pana itazame eneo zima, na nyingine yenye lenzi ya milimita 6 au zaidi ielekezwe mahali ambapo kila anayeingia lazima apite, kama vile mlango, geti au kaunta. Kama hujui umbali sawasawa, nunua yenye lenzi ya kurekebishika, milimita 2.8 hadi 12, kisha fundi airekebishe mkiwa papo hapo.

Urefu nao una maana. Kamera iliyofungwa juu sana kwa hofu ya kuibiwa huishia kupiga picha za kofia. Ile ya kutambua sura inatosha kuwa mita 2.5 kutoka chini. Kama inatazama mlango unaoingiza jua, chagua yenye alama ya WDR, vinginevyo uso utakuwa mweusi mchana kutwa.

Usiku ndio mtihani

Maandishi kwenye boksi yanayosema kamera huona mita 30 gizani yasikudanganye. Huo ni umbali ambao mwanga wake hufika, na si umbali wa kutambua sura. Mwanga huo wa infraredi huvuta wadudu, nao buibui hujenga utando mbele ya kioo, picha ikawa ukungu mtupu. Kioo kifutwe mara kwa mara. Taa ya kawaida mlangoni husaidia kamera kuliko maneno ya muuzaji.

Kwa mkulima ambaye banda au pampu yake iko mbali na umeme, zipo kamera za sola zinazotumia laini ya simu. Nyingi kati ya hizo hulala ili kutunza betri na huamka zinapohisi mtu, hivyo zinaweza kukosa sekunde za mwanzo. Zielekezwe kwenye njia anayokujia mtu, na gharama ya bando ihesabiwe kabla ya kununua.

Kuhifadhi na sheria

Kamera moja inayorekodi kwa megabiti 4 kwa sekunde hutumia gigabaiti 43 kwa siku. Kamera nne zitajaza diski ya terabaiti 1 kwa siku zisizofika sita, kisha picha za zamani zinafutwa. Anayekagua stoo yake mara moja kwa mwezi anahitaji diski kubwa zaidi. Mashine ya kurekodia ifichwe, maana mwizi mzoefu huondoka nayo, na iwe na UPS kwa ajili ya kukatika kwa umeme. Neno la siri la kiwandani libadilishwe siku hiyo hiyo. Mwaka 2016 virusi vilivyoitwa Mirai viliteka kamera na mashine nyingi za kurekodia duniani kwa sababu wenyewe hawakufanya hivyo.

Kwa Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa kielektroniki mahakamani, lakini mahakama hupima jinsi ulivyotunzwa. Saa ya mashine iwe sahihi, na picha zisikatwekatwe. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inalinda taarifa za mtu anayetambulika. Kamera itazame kwako, isitazame uani kwa jirani.

Kabla ya kutoa fedha, pima kwa hatua kutoka ukutani hadi mlangoni, nenda na namba hiyo dukani, umwombe muuzaji akuonyeshe uso wa mtu aliyesimama umbali huo, tena taa zikiwa zimezimwa. Akishindwa, usinunue.